Cheni hairefuki, inalika: kupima, kukaza na kutunza miguu ya ekskaveta na buldoza

Ukiona cheni ya buldoza imenepa juu kama kamba ya kuanikia nguo, aliye jirani atasema "imevutika". Haikuvutika. Chuma cha linki, vile vipande vinavyounda cheni, kina urefu uleule kilichotoka nao kiwandani. Kilichobadilika kimo ndani ya maungio, mahali ambapo jicho halifiki.

Katika kila ungio kuna pini inayocheza ndani ya bushi, bomba fupi la chuma. Cheni inapopinda kuzunguka sproketi (gurudumu la meno la nyuma) au aidla (gurudumu la mbele), pini husugua ukuta wa bushi upande mmoja tu, ule unaobeba mvuto. Pini hulika ubavu huo, bushi nayo hulika kwa ndani, na umbali wa kutoka pini hadi pini, ambao mafundi huuita pichi, unaongezeka. Chukua ekskaveta ya daraja la tani 20 yenye pichi ya 190 mm na linki 49 kila upande. Kila ungio likilika 3 mm tu, cheni nzima imeongezeka 147 mm. Kwa kuwa cheni inakwenda na kurudi, aidla italazimika kusogea mbele nusu ya hapo, yaani 73 mm na ushee, ili kuirudisha ilivyokuwa. Ukipampu grisi kwenye ajasta, silinda inayosukuma aidla, na aidla ikasogea, cheni itaonekana nzuri, lakini 3 mm za kila ungio bado zipo. Ajasta huficha ugonjwa huu, haiutibu.

Hilo ndilo la kushika kabla ya kufungua nati yoyote. Kwa buldoza, miguu, yaani cheni na vyote vinavyoibeba, inaweza kumeza karibu nusu ya fedha zote za matengenezo katika maisha ya mashine, na sehemu kubwa ya fedha hiyo huamuliwa na mambo mawili: cheni imekazwa kiasi gani, na maungio yalipimwa lini mara ya mwisho.

Cheni inapita wapi na inabebwa na nini

Anzia nyuma. Sproketi ni gurudumu la meno linalozungushwa na fainali (gia za mwisho za kuendesha miguu), na ndilo pekee lenye nguvu ya injini. Mengine yote yanafuata tu. Kwenye buldoza nyingi meno yamefungwa kwa bolti katika vipande, hivyo unaweza kuyabadilisha bila kuvunja cheni. Kwenye ekskaveta nyingi sproketi ni duara moja zima. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba bushi hukaa kwenye jino moja na kuruka linalofuata. Sproketi yenye meno 21 hubeba pichi kumi na nusu kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo mzunguko wa pili bushi hutua kwenye meno yaliyorukwa mwanzo. Idadi hiyo witiri imewekwa makusudi ili meno yote yalike sawa.

Mbele kuna aidla, gurudumu lisilo na meno linaloelekeza cheni. Nyuma ya aidla ipo silinda ya grisi, yaani ajasta, na nyuma yake springi nene iliyobanwa kwa nguvu ya tani nyingi. Kazi ya springi ni kumeza mshtuko: jiwe likinasa kati ya cheni na sproketi, aidla hurudi nyuma badala ya kitu kukatika.

Uzito wa mashine umekaa juu ya rola za chini, zinazotembea juu ya reli za linki. Rola za juu, moja au mbili kila upande, hubeba tu uzito wa cheni yenyewe. Buldoza huwa na rola za chini za aina mbili, zenye kingo upande mmoja na zenye kingo pande zote, zimepangwa kwa mpangilio maalumu. Ukizitoa, chora mpangilio huo kabla, kwa sababu rola ya kingo mbili ikiwekwa jirani na sproketi inaweza kugusana nayo.

Chini kabisa kuna pedi, yale mabamba yanayokanyaga ardhi. Buldoza huvaa pedi ya ubavu mmoja mrefu, unaochimba ardhi ili mashine isukume bila kuteleza. Ekskaveta huvaa pedi ya mbavu tatu fupi, kwa kuwa inageuka mara kwa mara na haisukumi sana. Upana wa pedi una kanuni moja: chagua nyembamba kuliko zote ambayo bado haikuzamishi. Pedi pana kwenye mwamba ni kama wenzo mrefu. Jiwe likikanyagwa na ncha yake ya nje, bolti zinalegea na pini hujaribu kuzunguka ndani ya linki ilimobanwa.

Cheni zenyewe ni za aina tatu. Kuna kavu, isiyo na kilainishi ndani, inayolika haraka zaidi. Kuna iliyofungwa kwa sili na grisi ndani, ambayo ekskaveta nyingi huitumia. Na kuna iliyofungwa ikiwa na oili, ya buldoza nyingi: pini ina tundu katikati linalohifadhi oili, na sili kwenye kila ungio huizuia isitoke. Kwenye aina hii ya tatu pini na bushi hazisuguani kavu, kwa hiyo pichi hukaa karibu ileile kwa muda mrefu na bushi hulika kwa nje kwanza. Ungio moja likipoteza oili linageuka kuwa cheni kavu katikati ya cheni nzima, na linaanza kulika peke yake.

Kwa nini kurudi nyuma kunakula zaidi

Mashine ikienda mbele, sproketi iliyo nyuma huvuta kipande kifupi tu, kile cha chini kati yake na rola ya mwisho. Cheni yote ya juu hadi aidla imelegea. Ikirudi nyuma, mvuto hupita juu: kutoka sproketi, juu ya rola za juu, kuzunguka aidla, mpaka chini. Sasa maungio mengi zaidi yanapinda yakiwa na mzigo. Tena katika kurudi nyuma bushi huzunguka ikiwa imebanwa kwenye jino la sproketi, jambo lisilotokea hivyo katika kwenda mbele.

Ndiyo maana opereta anayesukuma meta 50 kwenda mbele polepole kisha kurudi kwa gia ya kasi anakula bushi katika safari ile isiyoleta kazi yoyote. Mwambie arudi kwa gia ya chini. Kama eneo linaruhusu, panga kazi ili njia za kurudi ziwe fupi. Kwa ekskaveta, safari yoyote ya zaidi ya hatua chache ifanyike sproketi zikiwa nyuma, aidla mbele. Sehemu ya juu ya ekskaveta inazunguka, kwa hiyo ni rahisi opereta kudhani anaelekea mbele kumbe miguu inarudi nyuma. Aangalie sproketi ziko wapi kabla ya kusukuma leva.

Mnepo: kupima na kurekebisha

Mnepo ni kiasi ambacho cheni imeshuka katikati ya vitu viwili vinavyoibeba juu. Hisabati yake ni kali: ukipunguza mnepo kwa nusu, mvuto ndani ya cheni unakuwa karibu maradufu. Na mvuto huo upo muda wote, hata mashine isipobeba kitu. Husukuma bushi dhidi ya sproketi, pini dhidi ya bushi, na aidla dhidi ya bearing zake. Cheni iliyolegea kupita kiasi ina madhara yake pia, hupiga rola za juu na inaweza kuvuka, yaani kutoka kwenye aidla, lakini kati ya makosa mawili, kukaza kupita kiasi ndiko kunakokula fedha kimyakimya.

Kipimo sahihi kiko kwenye kitabu cha mashine yako, na usikope cha jirani. Kwa ekskaveta za daraja hilohilo la tani 20 kuna mtengenezaji anayetaka mnepo wa 10 hadi 30 mm na mwingine anayetaka 40 hadi 55 mm, wote wakipima juu, kati ya aidla na rola ya juu. Wapo pia wanaotaka upande mmoja uinuliwe na umbali upimwe chini, kati ya fremu na mgongo wa pedi. Namba hizo haziwezi kubadilishana.

Upimaji wa juu unakwenda hivi:

1. Usioshe cheni kwanza kama mashine inafanya kazi kwenye tope. Tope lililoganda kwenye sproketi huikaza cheni, kwa hiyo ukirekebisha ikiwa safi, saa mbili baadaye itakuwa imekaza mno. Rekebisha katika hali ileile inayofanyia kazi. Ondoa tu mawe na mabonge yanayozuia kupima.
2. Endesha mbele polepole, umbali wa kama urefu wa mashine mara mbili, mahali tambarare. Acha isimame yenyewe bila kukanyaga breki. Breki huvuta cheni na kukupa namba ya uongo.
3. Zima injini, shusha baketi au bleidi chini, ondoa ufunguo.
4. Laza bamba refu lililonyooka juu ya mbavu za pedi, kuanzia juu ya aidla hadi juu ya rola ya juu.
5. Pima kwa rula kutoka ukingo wa chini wa bamba hadi ncha ya ubavu wa pedi iliyoshuka zaidi. Huo ndio mnepo.
6. Pima upande wa pili. Tofauti kubwa kati ya kushoto na kulia ni habari: ama upande mmoja umelika zaidi, ama ajasta yake inavuja.

Kukaza ni rahisi: futa nipo ya ajasta (chuchu ya kuingizia grisi), unganisha pampu, ongeza grisi kidogo, sogeza mashine mbele na nyuma, pima tena. Usiridhike kabla ya kuisogeza, maana grisi husukuma aidla lakini cheni hugawana mnepo baada ya kuzunguka.

Kulegeza ndiko kunakoumiza watu. Grisi iliyomo iko chini ya shinikizo kubwa, na ikitoka kwa mchirizi mwembamba inaweza kupenya ngozi. Tundu lake huonekana dogo kama la sindano, lakini ni dharura ya upasuaji, si kidonda cha kufunga plasta. Simama kando, kamwe usikae mbele ya vali ya kutolea grisi wala kuinamia tundu ili uone kama inatoka. Fungua vali polepole, isizidi mzunguko mmoja. Mashine nyingi zina mfereji unaoruhusu grisi kutoka vali ikiwa bado imeshika nyuzi zake. Isipotoka, usiendelee kufungua. Funga vali, sogeza mashine mbele na nyuma kidogo, jaribu tena. Na springi iliyo nyuma ya ajasta usiiguse bila kifaa chake maalumu cha kuibana. Springi hiyo ikiachiwa ghafla, hakuna mtu wa kuizuia.

Ajasta ikifika mwisho wa safari yake na cheni bado imelegea, umepewa jibu: maungio yamekwisha. Mafundi wengine hutoa linki moja ili kuipunguza cheni. Inawezekana, na mashine itatembea, lakini pichi iliyobaki bado ni ndefu na inaendelea kutafuna sproketi. Ni hila ya kumalizia mradi wa wiki mbili, isiwe mpango wa mwaka.

Kupima ulikaji kwa namba

Macho hudanganya katika kazi hii kuliko nyingine nyingi. Sproketi inaweza kung'aa na kuonekana kali ilhali cheni imevuka kikomo. Unahitaji tepu ya chuma, kalipa kubwa, kipima kina, na jedwali la mtengenezaji linalogeuza milimita kuwa asilimia ya ulikaji. Pima kila baada ya saa 250 hadi 500, mapema zaidi kwenye mchanga au mwamba mkali, na andika saa za mashine kila mara. Kipimo kimoja kinakuambia hali ya leo. Viwili vinakuambia kasi.

Pichi ndiyo ya kwanza. Ili kuisoma sawa, cheni ya juu lazima ivutwe iondoe ulegevu: weka pini ya zamani au kipande cha mti mgumu kati ya meno ya sproketi na cheni, kisha rudisha mashine nyuma kidogo mpaka juu pasiwe na mnepo. Zima injini. Sasa pima kutoka ukingo wa pini ya kwanza hadi ukingo uleule wa pini ya tano. Hizo ni pichi nne. Kaa mbali na linki ya kuungia, ile ambapo cheni hufunguliwa, kwa sababu pini yake inaweza kuwa na umri tofauti. Cheni ya 190 mm ikiwa mpya itakupa 760 mm. Ukipata 772 mm, gawa kwa nne: 193 mm, yaani imeongezeka 3 mm kila pichi. Kitabu kikisema kikomo ni 4 mm, umetumia robo tatu. Rudia mahali pengine pawili kwenye cheni hiyohiyo na uchukue namba mbaya zaidi, usichukue wastani.

Bushi pima kwa nje kwa kalipa, pande tatu: upande unaosukumwa wakati wa kwenda mbele, upande wa kurudi nyuma, na wima. Kwa cheni ya oili hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo. Bushi inaweza kutolewa kwa mashini ya kusukumia na kugeuzwa nusu mzunguko ili upande usiolika uelekee sproketi, pini nazo zikageuzwa. Kazi hii hulipa ikifanywa kabla bushi haijapasuka. Ukichelewa hata kidogo, bushi inaanza kufanya nyufa, oili inatoka, na hakuna tena cha kugeuza. Kwenye ekskaveta ni nadra kugeuza. Cheni hutumika hadi mwisho kisha hubadilishwa yote.

Kimo cha linki pima kutoka reli inakotembea rola hadi uso unaokaa pedi. Aidla pima kina, kutoka ncha ya kingo ya katikati hadi sehemu linki inapotembea. Namba hii inaongezeka kadiri inavyolika, kinyume cha nyingine. Rola pima kipenyo cha sehemu inayobeba. Vipimo hivi vitatu visomwe pamoja, maana linki fupi juu ya rola nyembamba zinaleta jambo ambalo kila kimoja peke yake hakileti: kingo za rola hushuka hadi kugonga vichwa vya pini. Ukisikia mlio wa kugonga wenye mwendo sawa wakati wa kutembea, na ukaona vichwa vya pini vimechongeka juu, basi ndilo hilo. Pini zinalegea kwenye linki, na cheni haifai tena hata kwa kugeuzwa.

Dalili na chanzo chake

Meno ya sproketi yenye ncha kali iliyoinama upande mmoja yanasema cheni ina pichi ndefu kuliko sproketi, na bushi zinapanda kwenye jino badala ya kukaa katika bonde kati ya meno. Hapo jaribu la wengi ni kununua sproketi mpya peke yake. Usifanye hivyo kama cheni imevuka nusu ya maisha yake. Pichi ndefu itaila sproketi mpya kwa haraka kuliko ilivyokula ya kwanza. Kinyume chake ni kibaya vilevile: cheni mpya juu ya sproketi iliyochongeka. Vitu hivi viwili ni mume na mke.

Rola moja ikivuja, utaona mduara wa oili uliochanganyika na vumbi kwenye ubavu wake. Ndani ya rola kuna sili ya pete mbili za chuma zinazosuguana uso kwa uso, zikisukumwa na mipira miwili. Inastahimili vumbi na maji kwa muda mrefu ajabu, lakini haistahimili waya, kamba au kitambaa kilichojizungusha kwenye mhimili wa rola, wala tope lililokauka na kusukuma mipira ile. Kagua kila jioni na ukate chochote kilichojisokota. Rola iliyopoteza oili hukwama, na linki huendelea kuteleza juu yake hadi ipate ubapa upande mmoja. Rola yenye ubapa haizunguki tena hata ukiifungua na kuisafisha, itoe.

Ungio kavu kwenye cheni ya oili hulijui kwa macho. Mwisho wa zamu, kabla mashine haijapoa, pitisha kipimajoto cha mionzi kwenye ncha za pini moja baada ya nyingine. Zote zinapaswa kukaribiana. Inayojitenga kwa joto kali kuliko jirani zake imekauka. Usitumie kiganja, inaweza kukuunguza. Piga alama ya rangi kwenye linki hiyo na uandike namba yake kuhesabu kutoka linki ya kuungia.

Ulikaji wa ubavuni mwa linki na kingo za rola, upande mmoja zaidi ya mwingine, hutokana na kufanya kazi kwenye mteremko wa pembeni au kugeuka upande mmoja siku nzima. Mwonye opereta kwanza. Tatizo likiendelea kwenye eneo tambarare, pima kama aidla imekaa katikati ya fremu. Vibamba vinavyoielekeza vikilika, aidla huyumba na cheni hufuata.

Kufunga pedi

Bolti ya pedi iliyolegea ndiyo kosa dogo linalozaa hasara kubwa. Pedi ikicheza, mashimo yake na ya linki yanapanuka, na linki yenye shimo la yai haishiki bolti tena. Kagua pedi zote kila siku kwa kuangalia: kutu nyekundu ya unga karibu na kichwa cha bolti, au mstari unaong'aa kando ya pedi, ni alama ya kucheza.

Unapofunga upya, safisha nyuso zote mbili hadi chuma, hata punje ya mchanga iliyobanwa humo italegeza baadaye. Tumia bolti na nati mpya. Paka oili kwenye nyuzi. Hakikisha nati ya pembe nne imekaa sawa kwenye kikalio chake ndani ya linki, isiegemee kona. Kaza kwa mkingamo, bolti moja kisha ile ya pembe ya pili. Watengenezaji wengi hutaka hatua mbili: torki ya kuanzia iliyo kitabuni, kisha kugeuza zaidi kwa pembe, mara nyingi nyuzi 120. Chora mstari wa chaki kwenye kichwa cha bolti na pedi baada ya hatua ya kwanza ili uone kweli umegeuza theluthi ya mzunguko. Hatua hii ya pili ndiyo inayoivuta bolti na kuifanya ishike kama springi. Spana ndefu na nguvu za bega haziwezi kukisia. Rudi kukagua baada ya kama saa 50 za kazi.

Kufungua cheni, na cheni ikivuka

Tafuta pini ya kuungia. Kwa kawaida ina alama mwishoni, tundu au mchongo usiofanana na nyingine. Sogeza mashine mpaka pini hiyo ifike mbele ya aidla, juu kidogo ya usawa wa ardhi, na uweke gogo chini ya pedi ili ncha isidondoke ikiachiwa. Legeza grisi yote. Toa kizuizi cha pini kisha uisukume kwa kifaa cha haidroli. Ukilazimika kutumia nyundo, weka fimbo ya chuma laini kati yake na pini, vaa miwani, na kila asiyeshika kitu aondoke. Kipande kinachochomoka kwenye chuma kigumu hukimbia kama risasi. Cheni iliyofunguliwa ina uzito wa mamia ya kilo na juu ya sproketi inaweza kukimbia yenyewe. Ifunge kwa kamba ya chuma au ishikwe na kreni kabla pini haijatoka kabisa.

Cheni ya ekskaveta ikivuka kwenye aidla, mara nyingi hakuna haja ya kuifungua. Geuza sehemu ya juu ielekee upande huo, shusha baketi, inua miguu kwa mgongo wa baketi na siyo meno yake, kisha weka magogo imara chini ya fremu. Hakuna anayeingia chini ya fremu inayoning'inia kwa haidroli peke yake. Legeza grisi, ondoa mawe na tope, rudisha cheni kwenye aidla kwa mtaimbo mrefu huku opereta akizungusha sproketi polepole sana kwa ishara ya mtu mmoja tu. Vidole vikae mbali na mahali linki inapokutana na aidla. Ikisharudi, tafuta kwa nini ilivuka kabla ya kuikaza: ulegevu, tope lililojaa, aidla iliyolika kingo, au springi iliyovunjika. Springi iliyovunjika haionekani kwa nje. Huijua kwa kuona aidla inarudi nyuma kirahisi kila mashine inapogusa jiwe dogo.

Mwisho wa zamu, sepetu na dakika kumi na tano zinatosha kuondoa tope kati ya rola na fremu kabla halijakauka. Likikauka usiku linabana rola, na asubuhi dereva akiondoka, cheni itazivuta rola zilizosimama. Anza kwa kusogea meta moja mbele, meta moja nyuma, na mwenzio akiwa pembeni ahesabu rola zinazozunguka.